Besi Iliyobebwa kwa Machela

Mimi Athuman nina duka hapa Makere tangu kabla ya Operesheni Vijiji, na watu wananijua kwa mambo mawili: mchele wangu hauna mawe, na sipendi kubishiwa jambo nililoliona kwa macho yangu. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema eti siku ile Harerimana alituroga, mlete kwangu dukani nimpe maneno yake. Nilikuwapo. Bega langu hili ndilo lililobeba.

Harerimana alivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili pamoja na wale waliokimbia mauaji, akiwa peke yake. Wazazi, ndugu, wajomba, hakuna aliyebaki. Tulimpokea, akapewa shamba, akalima maharage na mihogo kama sisi sote. Mtu mpole mno, anayekupisha njiani hata kama wewe ndiye uliyechelewa. Kitu kimoja tu kilitukera. Alikuwa akisema kwamba kule kwao, kwenye chuo cha walimu, alipiga ala inayompita yeye mwenyewe kwa urefu, yenye nyuzi nene kama kamba ya kufungia ndama, na kwamba siku anakimbia aliiacha kwa mapadri karibu na mpaka. Sisi tunaijua inanga na tunalijua zeze, vyote vinakaa mapajani. Ala inayompita mtu urefu tuliipokea kwa kutazamana tu. Mimi nilimwambia wazi kwamba anatupanga.

Kasheshe ilianza alipompenda Kezia, binti wa mzee Tharsisi, na Kezia naye akampenda, tena bila kuficha. Tharsisi hakumchukia kijana. Alimpa sharti moja, nami nikiwa nimeketi pale pale.

"Mwanangu, binti yangu simpi mtu anayejiposea mwenyewe. Huku kwetu mzee wa upande wa mume huja, hukaa, husema, nami humjibu. Niletee mzee wa kwenu. Mmoja tu anatosha."

Sasa mzee huyo atoke wapi jamani, kaburini? Tulipomwambia Tharsisi hivyo alitikisa kichwa na kusema desturi si yake, aliikuta. Mimi nilijitolea kwenda kumsemea. Akanijibu kwa upole kwamba mimi ni mtu wa pwani, sina ng'ombe, na nasema haraka mno. Mwaka ukapita. Kezia akakataa posa, akakataa na ya pili. Ya tatu ilikuwa inatoka Busunzu, kwenye familia yenye ng'ombe, na baba yake alikuwa ameshatamka kwamba hiyo haitakataliwa. Wajumbe wa Busunzu walitarajiwa mvua zikipungua. Harerimana akakonda hadi suruali ikawa inamvuka.

Basi masika ya sabini na tano nilikwenda Kasulu kufuata mzigo wa duka, nikamchukua Harerimana anisaidie kupakia. Padri mmoja akasikia tunatoka Makere, akauliza kama tunamjua mtu anayeitwa Harerimana. Kumbe mapadri wa mpakani walikuwa wameuleta mzigo wake hapo, na wakimtafuta siku nyingi. Tukapelekwa stoo. Na pale, imeegemea ukuta, ndiyo nikaiona. Gitaa, lakini gitaa lililolishwa likanenepa, tumbo lake likinifika kifuani, shingo ikiwa juu ya kichwa changu. Harerimana alikaa chini sakafuni, akaishika pale chini kwenye chuma ambacho ala ile husimamia, akalia. Yeye aliiita kontrabasi, padri akasema besi, na besi ndilo jina lililokaa.

Tukaifunga kwa blanketi, upinde wake wa kupigia humo humo, na mkeka juu yake kwa ajili ya mvua, tukaipandisha kwenye lori. Lori lilikwenda vizuri hadi kwenye daraja lililo karibu na kwetu. Daraja lenyewe lilikuwa limekwenda na maji. Sukari yangu ingeweza kungoja, lakini Harerimana alisema haiachi besi tena, hata kama atakesha nayo mvuani. Tukavuka kwa miguu kwenye magogo. Tukajaribu kuibeba kichwani, shingo ikanasa kwenye matawi. Tukajaribu mgongoni, Harerimana akaanguka kifudifudi. Ndipo Makarius, mpagazi wangu tuliyekuwa naye kwenye lori, mwenyeji wa pale, akaenda kwenye nyumba za jirani akarudi na ingobyi pamoja na vijana wawili.

Ingobyi ni machela ya kusuka, ya kumbebea mgonjwa kwenda hospitali, na kila kitongoji huku kinayo yake. Ina heshima zake pia. Ukikutana nayo njiani unatua mzigo wako, unavua kofia, unasema pole, kisha unaingiza bega lako hata kama ulikuwa unakwenda upande mwingine. Kuuliza ni nani kunakuja baadaye, au hakuji kabisa. Hilo mimi nililijua vizuri, ila kwa haraka ya mvua akili haikunifanyia kazi.

Mzee wa kwanza tuliyekutana naye alitua jembe lake.

"Baba, endelea na safari," nikamwambia. "Huyu si mgonjwa, ni kinanda."

Akanitazama kwa masikitiko. "Nyinyi watu wa madukani mnafanya mzaha hata na mtu anayekata roho?" Akanisogeza kwa kiwiko, akachukua nafasi yangu kwenye mti wa machela, akabeba.

Basi nikanyamaza. Nimesema ukweli, umekataliwa, nifanyeje? Tena Harerimana alikuwa akitembea pembeni, mkono wake juu ya blanketi, machozi yanamtiririka. Ni furaha ile, lakini nani angejua? Watu walitoka mashambani. Waliobeba walisikitika jinsi alivyo mwepesi, wakasema ugonjwa umemla wote. Mama Niyonsaba, mkunga wa kule mbele, alipenyeza mkono chini ya blanketi kama mtu anayejua kazi yake, akapapasa shingo, akakutana na zile nyuzi.

"Mishipa imekaza yote," akatangaza. "Hii ni pepopunda."

Kina mama wakaanza kulia kwa sauti ndogo. Nilimvuta Harerimana shati nikamwambia sema wewe, Kiha chao na Kirundi chako ni ndugu. Akafungua mdomo, kikatoka kilio. Ikawa vibaya zaidi.

Halafu kwenye mteremko Makarius akateleza kwenye tope. Machela ikagonga chini, na kutoka ndani ya blanketi ikatoka sauti, nzito, ndefu, ya chini sana, iliyopita kwenye ile miti ya machela ikaingia mabegani mwetu. Watu wote wakasimama. Mimi niliyeiona kwa macho yangu stoo, nijuaye kwamba ni mbao na nyuzi, wallahi nywele zilinisimama.

"Bado anapumua," akasema Mama Niyonsaba.

Hapo huzuni ikageuka mbio. Mtu akaleta uji kwenye kibuyu. Harerimana akasema huyu hawezi kunywa, wakamwambia basi apakwe midomoni. Mbele yetu habari ilikuwa imeshafika Makere: mzee wa Harerimana amekuja, yuko hoi, lakini yu hai.

Na nani anatoka mbio kutupokea, kifua wazi, vifungo vya koti vimekosana matundu? Mzee Tharsisi. Alimshika Harerimana mikono yote miwili.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nilidai mzee, na tazama, amefunga safari katika hali hii." Akachukua mti wa mbele mwenyewe, mtu wa umri ule, akabeba kupandisha kilima hadi nyumbani kwake. Nilimtazama kisogo chake kinavyotoka jasho nikatamani ardhi ipasuke. Nilijua kwamba mtu huyu akifunua blanketi, kijana hatampata Kezia kamwe, na atakuwa amempoteza kwa kosa letu la kuazima machela.

Uani walikuwa wametandika mkeka na kuwasha moto. Kezia alikuwa amesimama mlangoni na maji ya vuguvugu kwenye beseni. Tukaitua. Tharsisi akapiga magoti, akapiga makofi ya taratibu, viganja vimekunjwa, jinsi anavyosalimiwa mtu mkubwa, akalifunua blanketi.

Mbao. Mbao nyekundu inayong'aa, na matundu mawili marefu yaliyopinda kifuani.

Mama Niyonsaba aliinama, akachungulia kwenye tundu moja kutafuta mgonjwa alipojificha.

"Athuman," alisema Tharsisi, bado amepiga magoti. "Mmenichezea shere mbele ya watu wote hawa?"

Harerimana ndiye aliyesogea. Aliinua besi, akaisimamisha kwenye mguu wake wa chuma, akaikumbatia. Akakaza nyuzi, sikio lake likiwa shingoni mwa besi. Kisha akachukua upinde na kuuvuta.

Sijui niseme nini. Kuku waliondoka uani. Ng'ombe kwenye zizi la Tharsisi aliinua kichwa, akaitika. Ile sauti haikuingia masikioni, iliingia kwa nyayo, ikapanda, ikakaa tumboni, na niliona wanawake wanashika matumbo yao. Ulikuwa wimbo wa kuchungia, wa zamani, ambao wazee wa Burundi na wazee wa huku wote wanaujua, lakini polepole, kwa sauti ya mtu aliyeishi sana na asiye na haraka na yeyote. Mwanamume mmoja alizunguka nyuma ya besi kutazama nani anasema, akarudi amevua kofia. Nilikuwa na hofu, na sioni aibu kusema. Hofu nzuri, ile inayokushika ukiwa msikitini peke yako.

Na kila Harerimana alipofika mwisho wa mstari na kupumzisha upinde, wazee waliokuwa wameketi ukutani walipiga makofi yale ya viganja vilivyokunjwa, taratibu, pamoja. Walikuwa wakiitika. Huku mzee anaposema huachi maneno yake yaanguke chini bila kuitikiwa. Hakuna aliyewaagiza, na hakuna aliyecheka.

Wimbo ukaisha. Tharsisi alikuwa hajainuka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ndiye aliyebaki kwetu," alisema Harerimana. "Baba yangu alikuwa akimsikiliza kila Jumapili. Wengine wote hawapo."

Tharsisi aliitazama besi toka mguu hadi shingo. Moto ulilia, mvua ikaanza kudondoka kwenye majani ya migomba, na hakuna aliyekwenda kujikinga.

"Na amesema nini?"

Harerimana aliushusha upinde.

"Amemwomba Kezia."

Wazee ukutani wakamtazama Tharsisi. Yeye alipiga makofi, viganja vimekunjwa, kuielekea ile mbao. Kisha akaukunja uso na kuwageukia watu wa nyumbani kwake kwa hasira ya mwenye nyumba aliyeaibishwa na adabu mbaya.

"Na kwa nini mmemwacha amesimama?" alisema. "Tangu lini mzee anaposa akiwa wima?"

Kezia akaweka beseni chini, akaingia ndani, akatoka na kigoda cha baba yake.