Mshubiri Katika Baridi ya Heru Juu

Kila Alhamisi alasiri Zaitun alifunga duka lake la vitenge mjini Kasulu, akakodi bodaboda na kwenda Heru Juu, dumu la maji amelipakata kama mtoto. Maji yalikuwa ya mumewe, Twalibu, aliyelala bondeni chini ya mashamba ya mihogo, mwaka sasa unakaribia. Kwao Pangani mtu haendi kaburini mikono mitupu. Unasoma Yasini, unammwagia maiti wako maji kuanzia kichwani hadi miguuni, unarudi nyumbani moyo umepoa. Tangu atoke eda, Zaitun hakukosa Alhamisi hata moja.

Upande wa kichwani palikuwa na mishubiri mitatu, na hiyo haikuwa mimea ya kuokota njiani.

Twalibu alipofariki, Julai ya mwaka jana, wifi yake Zaitun, Mwanaamina, alipiga simu kutoka Pangani akitaka kaka yake arudishwe akazikwe kando ya mama yao. Lakini Pangani si jirani na Kasulu, na maiti hasubiri basi. Wakamzika Heru Juu jioni ile ile. Mwanaamina hakulisahau hilo. Zaitun alipomaliza eda alifunga safari kwenda kumwomba radhi. Wifi alimpokea kwa chai na uso mkavu, kisha akamwongoza hadi makaburini, akachimbua machipukizi matatu ya mshubiri uliokuwa juu ya kaburi la mama yao, akayatupa kikapuni.

"Ulimchukua kaka yangu, chukua na haya," alisema. "Angalau alale na kitu cha kwao."

Zaitun aliyapanda Desemba, mvua zikinyesha. Yalishika, yakanenepa, yakawa mishubiri. Mwezi wa Mei Mwanaamina akapiga simu analia: watu waliojitolea kusafisha makaburi ya Pangani walipita na majembe, wakachoma moto, na mshubiri wa mama haukubaki hata mzizi.

"Ya huko je?" aliuliza.

"Mizima yote mitatu, wifi."

"Basi nitakuja hitima ya mwaka. Nitachukua chipukizi moja nimrudishie mama."

Siku ile Zaitun alisema kweli. Lakini kweli ya Mei si kweli ya Juni, na mtu wa pwani hata akae Kasulu miaka ishirini, Juni ya milimani bado humshangaza. Mvua hukatika, mbingu hubaki wazi, na usiku baridi huteremka kutoka kilimani ikajaa bondeni. Watu wa Heru Juu huvaa makoti mazito na kuotea jua asubuhi nje ya nyumba. Wafu hawana koti. Mishubiri nayo haina.

Majani yalianza kwa kuwa mekundu nchani, kisha yakalegea. Zaitun akaona ni kiu. Angeona nini kingine? Kiangazi kimeingia, udongo wa juu ni vumbi. Badala ya dumu moja kwa wiki akapeleka matatu. Majani yakazidi kulegea, naye akanunua nailoni nyeupe, akaizungushia mimea yote mitatu na kuikaza kwa kamba, kama mama anavyomfunga mtoto kanga asipigwe na upepo. Baada ya wiki mbili mmoja ulioza. Alhamisi iliyofuata wa pili ukang'oka mkononi mwake bila kuvutwa, shina limekuwa uji, harufu yake mbaya. Zaitun alikaa chini kwenye mavumbi na kulia kama siku ya msiba.

Hakulala vizuri usiku huo. Asubuhi ya Ijumaa, ingawa haikuwa siku yake, alirudi na dumu.

"Mwakeye, mama," mtu alimsalimu kwa Kiha.

Alikuwa Nestori, mzee mwenye kitalu cha miche ya kahawa pembeni mwa makaburi. Kwa miezi kadhaa walikuwa wakipungiana mkono tu kutoka mbali. Leo alivuka ua, akavua kofia, akasimama huku akiizungusha mikononi.

"Mama, nina neno. Nimelikalia muda mrefu, na ninaogopa nimechelewa. Usinichukie."

"Sema, mzee."

"Hayo maji ndiyo yanayoua."

Zaitun alilivuta dumu kwake. "Haya ni maji ya mume wangu!"

"Najua. Ndiyo maana sikusema. Kwetu mtu haingilii mkono wa mfiwa." Nestori alichuchumaa, akaigusa nailoni. "Lete kiganja chako hapa."

Zaitun alikiweka. Kwa ndani nailoni ilikuwa imejaa matone, baridi hata vidole vilikufa ganzi.

"Imbeho," alisema Nestori. "Baridi yetu. Mmea huu umejaa maji tangu kuzaliwa kwake. Kwenye joto ukimwongezea hakuna neno, atayanywa. Kwenye baridi hanywi. Amelala. Maji yanakaa mizizini, yanaoza, naye anaoza nayo. Kisha umemfunga hii nailoni, jasho lake mwenyewe linamrudia. Mkavu anaweza kuvumilia baridi, mama. Aliyelowa hawezi."

Zaitun alitazama dumu lake. Aliwaza Alhamisi zote zile, dua zote zile, na jinsi alivyojisifu moyoni kwamba hakuna mjane aliyemtunza mumewe kama yeye. Aliona aibu, na chini ya aibu palikuwa na uchungu ambao haukuwa na pa kwenda.

"Huu mmoja utapona?"

"Tuuangalie kwanza."

Waliuchimbua. Mizizi ilikuwa imeisha, na shina limeanza kuoza upande mmoja. Nestori alinoa kisu kwenye jiwe, akakata kidogo kidogo hadi akafika kwenye nyama ngumu isiyo na doa. Yakabaki majani matano. Alipaka kidonda majivu, akauchukua mmea hadi jikoni kwake, akauweka darini juu ya mafiga, mbali na moto, palipo pakavu. Ukakaa siku nane. Zaitun alipouliza siku ya tatu kama hauhitaji hata tone, Nestori alicheka kwa mara ya kwanza. "Mama, wewe ungemnywesha hata samaki."

Walipourudisha, Nestori alitengeneza tuta la kokoto kichwani pa kaburi ili maji yasituame, akazungusha mawe makubwa meusi ya kushika jua la mchana. Akachomeka vijiti vinne na juu yake gunia, lisiguse majani. Kila jioni alilishusha, kila asubuhi jua likitoka alilikunja. Zaitun aliendelea kuja Alhamisi, mikono mitupu, akasoma Yasini yake, akarudi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ngumu kuliko zote. Maji yakimwagika hayazoleki, walisema wahenga, lakini yeye alijifunza kwamba hata yasiyomwagika yana uzito wake.

Mwanaamina alifika usiku wa kuamkia hitima. Asubuhi mapema alitaka kwenda kaburini kabla ya yote. Waliteremka bondeni kukiwa bado na ukungu, Mwanaamina na kanga zake mbili za pwani, meno yakigongana, chupa ya maji kwapani. Alikuwa ameyateka Pangani, kwenye kisima cha mama yao. Alipoliona kaburi alisimama ghafla.

"Mmemfunika kaka yangu gunia?"

Zaitun alisogea kaburini. Alilikunja gunia. Mwanaamina akaona mshubiri mmoja, majani matano, moja limenyauka.

"Uliniambia mitatu." Alifungua chupa, akainama kumwagia. Zaitun akamshika mkono.

"Wifi, usimwagie. Tafadhali. Miwili niliiua mimi, kwa maji. Nilidhani ina kiu. Ilikuwa inaona baridi, nami nikaizidishia. Nisamehe. Huu ukipata tone leo, tumekosa yote."

Mwanaamina aliutoa mkono wake kwa nguvu. Kisha akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya udongo, kwenye kifua cha kaburi. Alikiacha hapo muda mrefu.

"Pana baridi namna hii kila siku?"

"Juni na Julai. Hata Agosti."

"Nawe huja."

"Kila Alhamisi."

Mwanaamina alilia bila kujizuia, kanga mdomoni. Aliporudiwa na pumzi alifunga kifuniko cha chupa, akakikaza vizuri, akampa Zaitun.

"Sitachukua chipukizi. Mama yuko kwenye joto, atangoja. Huyu hapa kwenye baridi ndiye anayehitaji mwenzake." Alijifuta macho. "Mvua ya kwanza ikinyesha, mmwagie wewe mumeo."

Mwaka mzima Mwanaamina alikuwa akimwita Twalibu "kaka yangu" tu. Zaitun aliipokea chupa kwa mikono miwili. Wakangoja pale pale, wamesimama bega kwa bega, hadi jua lilipofika kwenye mawe.