Nyoka wa Kisimani

Mashine ya gemu ya akina Gaurav ilitoka Dubai mwaka 1993, wakati maduka ya Kariakoo yalipokuwa yakijaa vitu ambavyo wazazi wetu walikuwa wakivisikia tu. Ilikaa sebuleni kwao, ghorofani katika mtaa wa Mchafukoge, na kaseti yake pekee ilikuwa ya Kijapani. Kwa kuwa hatukuweza kuyasoma maandishi, tuliusoma mchezo kwa picha: upanga, ngao, moto, filimbi. Kila adui aliyeanguka alitupatia alama, nasi tukazigawa katika ujuzi wa shujaa wetu. Gaurav alizimimina zote kwenye upanga. Filimbi haikupata hata moja.

"Filimbi ya nini?" alinicheka nilipoitaja. "Bakili, tunaenda vitani au harusini?"

Agosti iliyofuata, upanga ulikuwa umefika kileleni, na kati yetu na mwisho wa mchezo alibaki nyoka mmoja wa vichwa saba, aliyejizungusha kwenye kisima. Tulikuwa na alasiri ile tu. Kesho yake familia ya Gaurav ingehamia Uingereza. Mashine ilikwisha kuuzwa, na mnunuzi angeifuata jioni.

Mama yake, Shobhana, akatokea mlangoni, mikono ikinukia samli.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Bakili. Huyo mnamfanya nini?"

"Tunamuua," alijibu Gaurav.

"Leo? Leo nyoka hauawi katika nyumba hii."

Jikoni, juu ya mtungi wa maji, alikuwa amemchora nyoka kwa unga mwekundu na kumwashia taa, kama desturi yao ya Kihindu ilivyotaka siku hiyo ya mwaka ya kumheshimu nyoka.

"Mama, huyu ni wa kwenye TV!"

"Na TV iko wapi? Barabarani?"

Gaurav alishusha mikono. Hakuwahi kumpinga mama yake, na jua lilikwisha kuliacha dirisha.

Ndipo nilipomkumbuka bibi yangu wa Masasi. Alipomkuta chatu kisimani, hakuokota jiwe. Alipiga makofi taratibu, akamwomba njia, akasubiri.

"Tumpigie filimbi," nikasema.

Hilo lilidai twende hekaluni, mahali pekee katika mchezo ambapo ujuzi uliweza kuvunjwa na alama zake kugawiwa upya, nusu zikipotea. Gaurav aliutazama upanga wake kwa muda mrefu.

"Ikishindikana, hatuna siku nyingine."

"Na upanga huo utamkata nani, mama yako akiwa hapo?"

Akaguna, akauvunja.

Filimbi ilikuwa na sauti nyembamba, karibu imezwe na honi za mtaani. Kichwa cha kwanza kililala, kikafuata cha pili, na vingine vikaanguka kimoja kimoja. Cha saba kiliendelea kututazama. Shobhana alikwisha kukaa nyuma yetu, ncha ya sari mdomoni. Hatimaye kikainama.

Shujaa akapita kando ya nyoka, akapiga magoti, akanywa maji. Majina tusiyoweza kuyasoma yakaanza kupanda kwenye kioo. Tuliruka kutoka mkekani tukipiga kelele.

"Shii!" Shobhana akatukemea, kidole mdomoni, macho kwenye TV. "Mtamwamsha."

Tukashangilia kwa kunong'ona. Na mnunuzi alipobisha hodi, Gaurav akichomoa waya mmoja baada ya mwingine, hata kuagana tuliagana hivyo hivyo, kwa kunong'ona.