Trela Yenye Jiko Ndani

Chumba alichokaa Adoyo kwa miaka thelathini kule Shauri Moyo, Nairobi, kilichorwa na mtu ambaye hakumjua wala hakutaka kumjua. Mkoloni alihitaji mikono ya kupakua mizigo ya reli na kufagia barabara za wazungu, na mikono haina mke, haina watoto, haina sufuria. Basi akachora chumba kimoja cha mwanamume mmoja, jiko akalitupa nje, liwe la watu wote. Mkoloni akaenda zake, bendera ikabadilishwa, mabwana wapya wakapaka milango rangi na kuendelea kupokea kodi. Jiko likabaki palepale. Adoyo aliyakumbuka hayo kila alipovuka ua na sufuria ya moto huku mvua ikimnyeshea. Kusahau aliwaachia wengine.

Mumewe, Ondiek, alikuwa fundi wa reli mpaka walipomwambia apumzike. Mtu mrefu, mpole, kifungua mimba wa boma la marehemu baba yake kule kijijini Gem, na hapo ndipo shida ilipokaa. Kwao kifungua mimba asipojenga, wadogo zake hawajengi. Ondiek alikuwa hajajenga. Kila mwaka alisema atajenga ya matofali, yenye veranda, na kila mwaka shule za watoto ziliyala matofali kabla hayajachomwa. Mdogo wake Owiti, karani wa bima aliyekaa Donholm na mkewe Lorraine, alikuwa na ramani ya nyumba iliyokwisha kupauka kwa kungoja.

Watu walidhani anayeumia ni Owiti. Adoyo hakuulizwa. Mama mkwe alipofariki mwaka uliopita, wote walikwenda kumzika. Kwa mila, mke wa mwana haruhusiwi kulala katika nyumba ya mama mkwe wake. Hilo halina mjadala. Wake za binamu waliingia katika nyumba zao wakafunga milango. Yeye, mke wa mtoto wa kwanza, aliyepikia matanga yote, alilala kwenye kiti cha mbele cha pikapu ya Ondiek, magoti yakigusa dashibodi, leso ikiwa pazia. Asubuhi mmoja wa wale wanawake alimwita mgeni akamuuliza ameamkaje. Adoyo alijibu salama, akalibeba neno hilo mpaka Nairobi.

Sasa ibada ya ukumbusho ilikuwa inakuja, Desemba. Adoyo alimwambia mumewe wazi kwamba safari hii atakwenda akiwa na mlango wake, la sivyo Ondiek aende peke yake akawaeleze watu mkewe yuko wapi.

Ondiek aliwaza, akanywa chai nyingi, na jibu akalipata kwenye simu. Aliona video za wazee wa ng'ambo waliostaafu wakivuta nyumba nyuma ya magari yao, nyumba yenye kitanda, dirisha na pazia. Mzee wa kule anasimama anapotaka, anafungua mlango, yuko kwake. Ondiek aliitazama video hiyo mara nyingi hata Adoyo akaanza kumtambua yule mzee kama jirani. Mwishowe alisema watatengeneza trela kama hiyo. Kujenga kungechukua muda. Trela ingekuwa tayari kabla ya ibada. Na hapa mtaani, ambako walikuwa wanaambiwa kila mara wajiandae kuhama ili maghorofa yasimame, wangekuwa na nyumba isiyosubiri tingatinga. Adoyo, ambaye aliwahi kukumbatia watoto wa watu kule Mathare siku mabati ya nyumba zao yalipokuwa yanakunjwa kama karatasi, alilipenda hilo la mwisho kuliko yote.

Wakamwendea Nzau, fundi wa vyuma, Mkamba mmoja mwenye maneno mengi, aliyedai kwamba nusu ya mageti ya Eastlands yamepitia mkononi mwake. Nzau hakuchora kazi kwenye karatasi. Alichora kwa chaki, kwa ukubwa wake halisi, kwenye saruji iliyokuwa mbele ya karakana yake, kisha mwenye kazi anaingia ndani ya mchoro na kuishi humo kidogo. Akishaugonga ukuta kwa kiwiko mara mbili, alisema Nzau, mteja mwenyewe atakwambia anataka nini.

Jumamosi hiyo alichora trela ya ekseli mbili, magurudumu manne. Ilikuwa ndefu na pana. Huku nyuma kitanda kimekaa kwa mapana ya trela, katikati viti vya kukabiliana na meza, kwenye kona choo kidogo. Ondiek aliingia kwa heshima, akaketi juu ya saruji, akanyoosha miguu, uso umemng'aa.

"Mzee," alisema Nzau, "hapo umekaa chooni."

Majirani waliokuwa wamesimama wakacheka. Kavinya, muuza mitumba wa nyumba ya pili, alimwonya Ondiek asitoke kwa kupitia ukutani kama jini, na akauliza kama hiyo ni keja, chumba cha mtu kukaa, ama ni meli. Ondiek hakujali. Alilala kitandani, saruji tupu, akasema miguu imetosha.

Owiti alifika na Lorraine kutoka Donholm, viatu vimepigwa rangi. Alizunguka mchoro mara moja akasema uongezwe. Asije mtu Gem akasema kifungua mimba amekuja na kibanda cha kuuzia chapati. Tena alikuwa amefanya kazi yake: alimpigia simu baba yao mdogo, Mzee Ochola, aliyebaki mkubwa wa boma, akamuuliza kwa kuzungukazunguka ni kitu gani kinachoifanya nyumba kuwa nyumba. Mzee akajibu kwamba nyumba ni kitanda na moto, na wakubwa wakishakula kilichopikwa kwenye moto ule, imekwisha kuwa nyumba. Kwa hiyo kaka akifika tu, akilala, Owiti anaanza kuchimba msingi siku inayofuata.

"Ulimwambia ina magurudumu?" Adoyo aliuliza.

Owiti akaangalia simu yake.

Adoyo hakumfuata zaidi. Alikuwa amesimama mlangoni pa mchoro, bado hajaingia, anapima kwa macho upana ule. Kitu kilikuwa kinamkera na hakikuwa shemeji yake. Halafu kikamjia. Aliliona tena, kama siku ile ya kumzika mama mkwe, gari la maiti limesimama nje ya boma, injini inanguruma, dereva anatoa kichwa na kukirudisha.

Akawauliza wale ndugu wawili kwa nini jeneza la mama yao lilibebwa mabegani kutoka barabarani. Ondiek alisema ni heshima. Owiti alisema ni utaratibu wa kanisa.

"Heshima gani," alisema Adoyo. "Gari halikuingia langoni. Wewe ulikuwa unalia, na wewe shemeji ulikuwa unagombana na watu wa hema. Mimi nilikuwa pale nyuma na sufuria."

Wote walilijua lango hilo. Nguzo zake ni miti miwili aliyoipanda baba yao siku alipofungua boma, nayo haikatwi. Ua ni wa minyaa, na ua haubomolewi ili nyumba ipite; nyumba ya mtu huingia langoni, na kinachopenyezwa kwenye tundu la ua si kitu cha kukaa. Walikuwa wamechora nyumba nzuri ya kuegeshwa nje ya boma, kando ya barabara, pamoja na mbuzi. Ndugu wawili wa boma hilo, mmoja fundi wa reli na mwingine wa kupima hasara za watu, na wote walikuwa wamesahau lango la baba yao.

Nzau alitaka kujua upana wa lango. Hakuna aliyeujua. Adoyo alisema pikapu ilipita, na alikuwa amekaa ndani yake: kila upande ilibaki nafasi ya mkono mmoja, usio mnene. Basi Nzau akaipima pikapu, akarudi na chaki, akafuta kuta zake kwa kiatu na kuzichora upya, karibu zaidi. Ekseli moja ilitoka. Nzau, ambaye hakupenda kushindwa bure, alisema ndivyo alivyokuwa anataka kushauri tangu mwanzo, maana pikapu ile ingevuta ile ndefu mpaka mlimani Mau Summit halafu iombe kuzikwa.

Sasa ndani palikuwa padogo, na vita vikaanza. Kitanda cha kukaa kwa mapana kilikuwa kifupi; miguu ya Ondiek ilitokeza nje ya ukuta mpaka Kavinya akaifunika kwa gunia, isipate baridi. Wakakigeuza, kikalala kando ya ukuta mmoja, kwa urefu. Choo kikatoka bila kuliliwa, kwa sababu boma lina choo. Vikabaki viti vya kukabiliana na meza, na Ondiek akavishika kama mtu anayeshika mtoto wake.

"Jiko liko wapi?" aliuliza Adoyo.

Nzau alitabasamu. Hapo ndipo alipojivunia. Jiko liko nje, nyuma, chini ya mlango wa kuinua: unainua bati, linakuwa kivuli, unapika umesimama kwenye upepo. Moshi hauingii, mafuta hayarukii shuka. Za kisasa zote ziko hivyo. Ondiek alithibitisha, mzee wa kwenye video alipika nje pia.

Adoyo aliingia ndani ya mchoro kwa mara ya kwanza, akipita mlangoni vizuri. Hakupaza sauti. Aliwaambia kwamba amekaa miaka thelathini katika chumba kilichochorwa na mtu aliyeamua kuwa mke hayumo. Mkoloni alilitupa jiko nje kwa sababu hakutaka awepo. Waliokuja baadaye walilikuta nje, wakaona ni sawa. Na sasa watu wa nyumbani kwake mwenyewe, wenye chaki mkononi, wenye uhuru wa kuchora wapendavyo, wanalitupa nje tena na kuliita la kisasa. Mwanamke anayepika uani ni mgeni, ama ameajiriwa. Mzee Ochola alisema kitanda na moto. Hakusema kitanda, halafu moto uko huko nyuma kwa nje.

"Liingie ndani. Karibu na mlango, mkono wa kulia nikiingia."

"Na viti?" Ondiek alimuuliza, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Mama Aluoch, wageni watakaa wapi?"

"Wageni watakaa nje. Mimi nimekaa nje vya kutosha."

Lorraine, ambaye tangu aje hakuwa amesema neno, alipiga kofi moja dogo, kisha akajifanya anaua mbu. Ondiek alimtazama mkewe. Akachukua kitambaa cha Nzau, akapiga magoti, akafuta viti vyake mwenyewe. Nzau alilalamika kuhusu moto ndani ya bati. Adoyo akamwuliza kama mtu aliyetengeneza nusu ya mageti ya Eastlands anashindwa na bomba moja la moshi. Hakushindwa. Alichora jiko la udongo kwenye sanduku la chuma, bomba linatoka paani, na bati la pili nyuma yake ili ukuta usichemke.

Desemba walifika Gem, pikapu ikikohoa lakini haijaomba kuzikwa. Watu walitoka mashambani kutazama. Ondiek aliingia langoni polepole, Owiti akitembea mbele kwa kurudi nyuma, akipunga mikono kama anaongoza ndege. Trela ilipita kati ya miti miwili ya baba yao. Kila upande ikabaki nafasi ya mkono usio mnene. Waliiegesha upande ulio haki ya kifungua mimba, mlango ukiangalia nyumba kuu, wakaikaza kwa mawe.

Mzee Ochola alikuja na fimbo yake, akaizunguka, akagonga gurudumu. Wale wake za binamu walikuwa nyuma yake, na yule aliyemwita Adoyo mgeni alikuwa mbele kabisa. Mzee alisema ni kitu kizuri, lakini yeye aliulizwa habari za nyumba. Kitu chenye magurudumu ni gari. Nyumba inayoweza kukimbia si nyumba.

Ondiek akatazama chini. Adoyo alikuwa tayari ndani, amepiga magoti mbele ya jiko lake, kiberiti mkononi. Alijibu humohumo, kwa heshima yote impasayo baba mdogo wa mumewe.

"Baba, huko Nairobi nimeziona zenye msingi zikikimbia asubuhi moja, tena na watu wake ndani. Hii itakimbia siku nitakayoiambia mimi."

Kuni zikashika. Moshi ulitafuta njia, ukapata bomba, ukatoka juu ya paa mbele ya macho ya boma zima. Watu walisogea karibu maji yalipokuwa yanachemka. Adoyo aliweka majani, maziwa na sukari, akamimina kikombe, akasimama mlangoni. Mlango ulikuwa wake, na mtu yeyote aliyetaka chai ile ilimbidi aje hapo.

Mzee Ochola alikitazama kikombe, akalitazama tena gurudumu. Kisha akampa mtu fimbo amshikie, akakipokea kwa mikono miwili.

"Nyar Seme," alisema baada ya kumeza, akimwita binti wa kwao Seme, "ongeza sukari. Hii ni ya watu wa Nairobi."

Yule mke wa binamu alisogea naye, akaomba chai, akamwita Adoyo mama wa nyumba. Adoyo alimpa kikombe kilichojaa.

Owiti hakungoja chai. Alikuwa ameshika jivu kwenye kopo, anachora chini nyumba yake kwa ukubwa wake halisi, kama alivyomwona Nzau akifanya: sebule hapa, chumba cha kulala kule, chumba cha wageni, veranda. Alitembea ndani yake akinyoosha mikono, amesahau ramani yake iliyongoja miaka yote. Adoyo alishuka na birika, akasimama kando ya mstari wa jivu, akauangalia mchoro kutoka mwanzo hadi mwisho. Halafu akamgeukia Lorraine, mke mwenzake wa boma hilo.

"Nyieka, jiko lako liko wapi?"

Lorraine alitazama. Akavua viatu vyake vya Donholm, akaingia kwa kupitia mlangoni, akamnyang'anya mumewe kopo la jivu.