Viuno Vitatu

Mama fundi cherehani hakuimeza ile habari kwamba bweni la chuo lina kelele. Binti yake alikaa bwenini miaka miwili bila kulalamika, sasa ghafla anahamia chumba cha kupanga mtaani? Hapo pana namna. Akafunga kibanda chake, akaenda bila kupiga simu.

Binti alifungua mlango nusu. "Shikamoo, mama. Mbona hujasema unakuja?"

"Marahaba. Ningesema, ungeficha."

Akaingia, macho yametangulia. Ukutani zilining'inia suruali tatu za kiume. Hakuhitaji futi, jicho lake lilipima viuno lenyewe: thelathini, thelathini na nne, arobaini. Kwa mwanamume mmoja angejikaza. Lakini watatu, tena mmoja ana kitambi!

"Wanajuana?" akauliza.

"Akina nani?"

"Wenye suruali!"

Binti alivuta shuka lililofunika meza ya pembeni, na chini yake ikatokea cherehani.

"Bwenini hawaruhusu, mama. Hizi za wateja. Hiyo kubwa ni ya mhadhiri wetu. Uliapa nikishika sindano utanikana, ndiyo maana sikukwambia."

Miaka ishirini mama alipindisha mgongo juu ya cherehani ili mtoto huyu ashike kalamu. Akaichukua ile suruali kubwa kwa hasira, akageuza pindo lake kwenye mwanga wa dirisha, akatafuta kosa mshono kwa mshono. Hakuliona.

Afadhali wangekuwa wanaume watatu.