Gego la Glory

Mzee Mwakipesile alifika zahanati saa mbili asubuhi, akachukua benchi la wagonjwa, akaliburuta mpaka mlangoni mwa chumba cha meno, akaketi katikati kama mfuniko wa chungu. Kisha akakohoa.

Kikohozi hicho hakikuwa cha mafua. Kilikuwa cha kumwonya Tusekile, mkamwana wake, na Tusekile alikisikia akiwa bado getini, mkono mmoja umemshika binti yake Glory, mwingine daftari la kliniki. Akavuta khanga usoni, akakata kona, akaenda kusimama nyuma ya simtanki la maji.

Kwa Wanyakyusa wa zamani, na kwa hawa wa sasa ambao bado wana wazee wakali, mke hakutani na baba mkwe. Hamsalimii, hamtazami, hali naye. Akisikia anakuja, anaingia kwenye mpunga au kwenye mikokoa, mzee apite. Na mzee naye ana sehemu yake: akimwona mkamwana mbele, ageuke ashike njia nyingine. Woga ni wa wote wawili, ingawa mwaka hadi mwaka anayetoka mbio ni yule mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani. Miaka saba Tusekile ameolewa Ikolo. Anayajua magambuti ya mzee, anaujua mgongo wake na kikohozi chake. Uso wake, hata polisi wangemuuliza, asingeweza kuueleza.

Na mzee alijua hivyo. Ndiyo maana aliketi pale.

Ugomvi ulikuwa wa jino. Glory, miaka sita, alikuwa na gego la chini kushoto lenye shimo la kuingia punje ya mchele. Msimu mzima wa kokoa alishinda kwa babu yake, kila kokoa inapopasuliwa yeye anafyonza ule utamu mweupe wa mbegu, na jioni anateremshia na chai ya vijiko vinne vya sukari. Babu alimpenda, hakumnyima. Meno yake ndiyo hayakupendwa na mtu.

Wiki iliyopita Generosa alilitazama. Generosa ni tabibu wa meno, Mhaya wa Muleba, serikali imemleta Kyela, na siku za huduma ya mkoba hupita zahanati za vijijini na mashine yake ndani ya boksi.

"Ni bovu hasa," alisema. "Ila linauma akila kitamu tu, halafu linatulia?"

"Ndiyo, daktari."

"Basi kiini chake chini bado kizima. Natoa uozo, natoa kipande cha juu cha kiini, naweka dawa, nalivika kofia ya chuma. Likae mpaka afike miaka kumi, kumi na moja, lilinde nafasi ya jino la ukubwani."

"Na tukingoja?"

"Likianza kuuma lenyewe bila kuguswa, au shavu likivimba, mama Glory, usije ukaniomba. Nitang'oa."

Habari ilifika kwa mzee kabla Tusekile hajafika nyumbani. "Jino la maziwa!" alinguruma uani, akiongea na kuku ili mkamwana asikie ndani. "Kitu cha kuanguka chenyewe, mnakijengea nyumba ya bati? Ling'olewe!" Na hakuwa akibwata tu. Mdogo wake Isack aliwahi kuzibwa jino na mtu wa mtaani mwenye koleo na maneno mengi. Wiki ya pili shingo ikavimba, ya tatu wakamzika. Tangu hapo, kwa mzee, jino bovu ni la kutoa, basi.

Tusekile alimpigia simu mumewe, Lugano, aliyekuwa Karonga na mzigo wa mchele.

"Msikilize baba," Lugano akasema. "Mimi niko huku, nitasema nini?"

"Useme kwamba wewe ndiye baba yake Glory."

"Eh, mtandao unakata."

Mtandao haukukata. Lugano ndiye aliyekata.

Kama mtu angemuuliza Tusekile kisa cha ubishi wake, angefungua mdomo tu. Alipokuwa na umri wa Glory, kwao Ngana, waling'oa magego yake ya chini pande zote mbili kwa mpigo mmoja. Meno ya nyuma yakasogea mbele kama watu walioona kiti wazi, ya ukubwani yakakosa mlango, moja likatokea upande wa ulimi. Shuleni walimwita Kichana Kibovu hadi darasa la saba. Alicheka nao, maana ukilia ndiyo wanaongeza. Lakini aliapa.

Mlango wa chumba cha meno ukafunguliwa. Generosa nusura amwangukie mzee.

"Shikamoo mzee. Hapa ni njia."

"Marahaba. Najua."

"Glory Lugano!" Generosa akaita juu ya kofia ya mzee. "Mama yake yuko wapi?"

Wanawake kwenye foleni wakatazama simtanki, wakabana vicheko.

"Yupo, daktari," alisema Marta, jirani yake Tusekile. "Ila hawezi kuja. Pana mkwe."

"Mkwe anamkataza kutembea?"

"Hakatazi. Amekaa tu."

"Mimi ndiye babu," mzee akasema. "Mng'oe hilo jino, tukalime."

"Anayeamua ni mzazi, mzee."

Mzee akageuza kichwa pole pole, kushoto, kisha kulia. "Mzazi? Mimi hapa simwoni mzazi."

Foleni ikacheka. Marta akakimbia mpaka kwenye simtanki, akarudi anahema. "Daktari, mama yake anasema lising'olewe, litibiwe."

"Sijasikia mtu," mzee akasema.

Marta akaenda tena, akarudi. "Anasema amesema kwa sauti."

"Labda upepo."

"Jamani," Generosa akasema, "nina watoto kumi na wanne. Kama hakuna mzazi wa kumshika mkono, namwita mwingine, huyu nitamwona mwezi ujao."

Nyuma ya simtanki, Tusekile alimtazama Glory. Asubuhi ile mtoto alishika shavu mara moja bila kula kitu. Mara moja tu, labda kazoea. Labda. Mwezi ujao lingekuwa jino la kung'oa, na yule mzee pale angekuwa ameshinda kwa kuketi. Amemficha nyuma ya tanki kwa heshima, halafu anasema hamwoni!

Ndipo wazo likamjia, zuri na la kihuni, mpaka akaona haya kwamba limechelewa miaka saba. Woga ni wa wote wawili.

Akashusha khanga, akaifunga kiunoni. Akamshika Glory mkono, akatoka.

"Tusekile!" Marta akapiga ukelele. "Mkwe huyo!"

"Namwona. Ana bahati, yeye haoni."

Alitembea katikati ya uwanja, taratibu, uso wazi, macho mbele, moja kwa moja kuelekea benchi. Mzee aliona vidole vya miguu, akaona gauni, akatambua kinachomjia. Hatua kumi. Akakohoa kwa nguvu. Hatua sita. Akakohoa tena, hadi sauti ikapasuka. Hatua nne zilipobaki, mila yote ya ukoo ikamwinua kwa kola: alivua kofia, akaikandamiza usoni, akatoka mkuku kwa magambuti yake, pwata pwata pwata, akaenda kujificha nyuma ya simtanki.

Foleni ilishindwa kujizuia. Mama mmoja mjamzito aliomba ashikiliwe.

"Ndaga fijo," Tusekile akasema, akishukuru hewa, akaingia.

Dirisha la chumba lilitazama simtanki, kwa hiyo mzee alisikia kila kitu. Alisikia Glory akilia kwenye sindano ya ganzi, akanyamaza, mashine ikaimba. Akasikia Generosa akisema: "Sasa nimefika kwenye kiini. Nabana pamba. Damu ikikatika upesi, kilichobaki ni kizima, naendelea. Isipokatika, mama Glory, nang'oa, na hatubishani."

"Sawa," Tusekile akasema. Kiganja cha Glory kilikuwa ndani ya chake, kimelowa, na hakujua jasho ni la nani.

Generosa akabana pamba. Hata nje, foleni ikatega masikio.

"Marta," sauti ya mzee ikapita dirishani, ndogo kuliko kawaida. "Muulize daktari, damu vipi?"

Marta hakuhitaji kuuliza. Generosa aliinua pamba, akainamia taa.

"Imekatika. Safi kabisa."

Dawa ikaingia, kofia ya chuma ikakandamizwa, Glory akaambiwa aume kwa nguvu kama anauma mua. Akauma. Alipotoka alikimbia moja kwa moja nyuma ya simtanki, ganzi imemvuta mdomo upande mmoja.

"Babu, ona! Linang'aa!"

Mzee alipiga goti kwenye tope, akamtazama kinywani, akachelewa kuinuka. Alipojibu, aliongea na tanki.

"Marta. Mwambie huyo mtu amevunja heshima mbele ya watu. Jumapili kuna kikao cha ukoo. Na hilo bati likivimbisha mtoto wangu, nitakuwa wa kwanza kusema."

Marta akavuta pumzi aanze kutumwa. Tusekile akamwekea mkono begani.

"Pumzika, dada." Akageukia simtanki. "Tata, baba yangu, nimekusikia mwenyewe. Jumapili nitakuja, nitakaa mbele, na uchunguze shavu la mjukuu wako kila siku ukitaka. Ukiona uvimbe, niite kwa jina. Lakini Generosa anarudi tarehe ishirini, na kuna gego la kulia limeanza kuoza. Siku hiyo, benchi uliache lilipo."

Nyuma ya simtanki kikohozi kilianza, kikafika katikati, kikaishia hapo.