Eksirei ya Mawe ya Mcha

Niliyakata yale mawe kwa nia mbaya. Nilitaka kumkamata Mcha.

Ukuta wa nyumba ya Bi Sheikha, Mji Mkongwe, uliporomoka masika ya mwaka 2002 ukamvunja mwenyewe nyonga. Mcha ndiye mwashi aliyeujenga upya mwaka 1991. Mimi ndiye fundi sanifu niliyemsimamia. Kamati ya mtaa ikauliza kosa la nani, maana mkosaji asingepewa tena kazi katika nyumba za zamani. Nikajibu kabla sijafikiri: "Mawe ya Mcha yalikuwa na chumvi."

Mawe yanayochimbwa karibu na pwani hulazwa mvuani masika mawili mpaka chumvi itoke. Ya Mcha yalitoka Fumba, ufukweni. Nikasema hakuyalaza. Ushahidi sikuwa nao, lakini nilikuwa na diploma na yeye alikuwa na mwiko. Wakaniamini. Wakanitaka nilete ripoti Jumamosi.

Binti yangu Shaima alikuwa mpiga eksirei hospitalini. Nilimpelekea mawe mawili: moja la ukuta ulioanguka, jengine la ukuta wa uani, uliojengwa na Mcha huyo huyo kwa lundo lile lile na bado umesimama. Nilikwisha kuyakatisha vipande vyembamba, kama mkate wa boflo. Aliomba ruhusa kwa mkubwa wake, akavipiga picha mchana wagonjwa walipokwisha.

"Mgonjwa wako mzuri, mama. Nkimwambia tulia, anatulia."

"Fanya kazi."

Akazitundika filamu mbili kwenye kisanduku cha taa. Tundu tupu la jiwe hutoka jeusi, kwa sababu hamna kitu cha kuizuia mionzi. Jiwe la uani lilijaa matundu meusi, wazi, yaliyoungana kama njia za mchwa. Lilikuwa safi. Lilikuwa limelazwa mvuani.

Jiwe la pili lilikuwa hivyo hivyo upande wa ndani ya nyumba. Kadiri lilivyokaribia nje, matundu yalififia, na upana wa vidole viwili vya mwisho ulikuwa mweupe karibu wote.

"Huku pameziba baadaye," alisema Shaima. "Nje palipakwa nini?"

"Saruji."

"Na uani?"

"Chokaa."

Nilipitisha kidole kwenye unga wa lile jiwe, nikakilamba. Chumvi. Maji ya ardhini, yenye chumvi, hupanda ukutani. Chokaa huyaacha yatoke. Saruji huyafungia, na chumvi hujazana matunduni mpaka jiwe linapasuka.

"Mjinga gani huyo kapaka saruji ukuta wa mawe?" aliuliza akicheka.

"Mamaako."

Akaacha kucheka.

Mwaka ule wa 1991 Mcha aliniambia, "Bi Mwanamkasi, ukuta huu utaukaba roho." Nikamjibu mbele ya vibarua, "Chuoni hatukusoma roho za kuta, mzee." Walicheka sana. Chokaa ilitaka miezi mitatu shimoni, na mimi nilitaka kazi iishe kabla ya Ramadhani. Basi.

Filamu zilikaa kabatini siku tatu. Ya uani ningeweza kuiacha humo humo. Ile nyengine, ikionyeshwa peke yake, ingemmaliza Mcha: jiwe lako hili hapa, limejaa chumvi. Shaima asingesema. Alinipakulia chakula bila kunitazama.

Ijumaa nilikwenda Jang'ombe. Mcha alikuwa barazani kwake, mwiko na timazi vimefungwa ndani ya gunia.

"Shikamoo, Mzee Mcha."

"Marahaba. Bi Sheikha anaendeleaje?"

Sikujua. Sikuwa nimekwenda kumtazama hata mara moja. Nikamwonyesha filamu, nikamweleza. Hakuzishika.

"Ukuta ule nkiupita kila mwaka nnauona unatoka jasho," alisema. "Saruji imetuna kama tumbo la mja mzito."

"Na hukunambia?"

"Nliogopa utancheka tena."

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Si kuambiwa hilo. Nikaaga.

Jumamosi kamati ilikutana ukumbini kwa Bi Sheikha, yeye akiwa amelazwa kwenye kochi na Mcha amekaa mlangoni. Nilibandika filamu dirishani. Nilianza na ya uani, ili nisipate nafasi ya kughairi.

"Na hii yenye weupe," akauliza mwenyekiti, "ndilo jiwe la Mcha?"

"Yote mawili ya Mcha," nikasema. "Weupe ndio wangu. Saruji niliamuru mimi, naye alinikataza."

Bi Sheikha alinitazama, kisha akamgeukia Mcha.

"Mcha, baba, hebu nsogezee mto huu."

Nilikuwa karibu zaidi na mto.