Mikono ya Kwenye Shuka

Onyesho lao lilihitaji shuka jeupe kila jioni. Filamu ilimulikwa kwenye shuka, mchoraji akalipaka rangi papo hapo, na mbele yake akacheza binti mmoja ambaye wenzake walimwita Unyoya kwa wepesi wa miguu. Asubuhi shuka lilifuliwa, rangi ikatoka, jioni wakaanza upya. Aliyelifua ni mama yake Unyoya, aliyemsomesha kwa kufulia watu nguo. Na mikono ya kwenye filamu, ile inayosugua na kukamua, ilikuwa ya mama huyohuyo, kidole kimoja kimepinda; Unyoya aliirekodi mwenyewe nyumbani.

Wenzake hawakujua. Siku ya kwanza ya mazoezi mwonyesha filamu aliuliza mikono ile ni ya nani. Unyoya alikwisha kujitapa kwamba kwao ni watu wa ofisini, basi akajibu, "Aa, ni dobi mmoja tu." Neno likishatoka, nani wa kulirudisha? Tangu hapo mama akileta shuka, hupokewa mlango wa nyuma, harakaharaka, utadhani mwizi.

Jioni ya tatu mama alikuja kutazama, kavaa gauni lake la kuendea harusi. Akakaa safu ya mbele. Unyoya alimwona katikati ya mzunguko, na miguu yake myepesi ikawa mizito.

Makofi yalipoisha, watazamaji wakaruhusiwa kuuliza. Mzee mmoja akashika kipaza sauti. "Mikono hiyo imeniliza. Ni ya nani?"

Hapo ndipo pa kujikomboa. Mama yuko pale, hatua nne tu! Lakini wenzake nao walikuwa wanamtazama.

"Ni dobi mmoja," akasema. "Nilimpata mtaani."

Mama akainua mkono wenye kidole kilichopinda. "Ndiye mimi," akasema.

Ukumbi mzima ukamshangilia. Akapanda jukwaani, akalishusha shuka, akalikunja taratibu bila kumtazama mwanawe usoni. "Kesho saa kumi litakuwa tayari, madam."

Mama aliyemzaa amemwita madam! Unyoya alitamani ardhi ipasuke immeze. Aibu ilimchoma mpaka masikioni. Alitaka kumwita mama, lakini mama akashuka ngazi na shuka lake kwapani, akatoka kwa mlango wa nyuma.

"Una bahati," mwonyesha filamu akamnong'oneza. "Dobi wako ana adabu."

"Sana," Unyoya akajibu.